Chambo Kikubwa cha Zeferino

Kwa miaka kumi na mmoja, kila Krismasi ilipokaribia, Filomena Arruda, ambaye watu walimwita Mena, alioka mkate mtamu wa Kireno, akaufunga kwa kitambaa safi, akaupeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa Orrin Brayton. Si kwamba alimpenda. Alikuwa akimshukuru. Orrin ndiye aliyemkuta Zeferino, kaka yake Mena, amenasa mguu katikati ya mawe ya rasi ya Sakonnet huku maji yakijaa, na Orrin ndiye aliyekimbia kuita watu. Zeferino alitolewa hai, ila nyonga ilikuwa imesagika kama biskuti. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena jiwe la pwani. Alitembea na gongo kutoka kitandani hadi karakana yake ya mbao, na kutoka karakana hadi kitandani, basi.

Asubuhi hiyohiyo Orrin alikuwa amevua samaki ambaye pwani yote ilimzungumzia: besi mwenye mistari, wa ratili sitini na moja. Klabu ya wavuvi ikaandika jina lake kwa herufi za dhahabu kwenye ubao wa ukutani wa samaki mkubwa kuliko wote, na chambo cha mti alichomnasia kikawekwa ndani ya kisanduku cha kioo. Orrin alieleza kwamba alikuwa upande wa pili wa rasi tangu alfajiri, peke yake, na ni wakati wa kurudi na samaki wake begani ndipo aliposikia kilio. Watu wakasema siku ile ilikuwa yake: kapata samaki, na kaokoa mtu.

Mena aliamini kama wengine. Alikuwa dereva wa basi la shule, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mabega mapana, na harufu ya samaki hakuitaka hata kwenye nguo za jirani. Ndani ya klabu hakuwahi kuingia mpaka mwezi wa kumi wa mwaka wa kumi na mbili, walipomwagiza mikate kwa ajili ya chakula cha mchana cha wanachama.

"Weka pale, mama," Gil Pacheco, katibu wa klabu, mtu wa mdomo mwepesi, alimwambia. "Chini ya kioo. Na usimguse mnyama wetu, anauma."

Mena akainua macho. Ndani ya kioo kililala chambo cha mti, kirefu kama mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, kinene, mgongo kijani, kama pogi, wale samaki wa mafuta ambao besi wakubwa huwafuata wakati wa majani kupukutika. Meno yalikuwa yamekwangua rangi ubavuni. Lakini chini ya kidevu palikuwa na doa jekundu la kuiva, na doa lile lilikuwa na mkia mdogo uliopinda kuelekea jicho la kushoto.

Rangi ile haikuwa ya vyambo. Ilikuwa rangi ya kucha, na kucha zenyewe zilikuwa za Mena.

Alikumbuka kila kitu kwa mpigo. Jioni ya kuamkia ajali Zeferino alikuja jikoni na chambo kipya mkononi, akasema, "Mena, nyekundu imeniishia. Nikopeshe damu kidogo." Mena akatoa kichupa alichonunulia harusi ya mpwa wao, akapaka mwenyewe kwa kile kiburashi, huku Zeferino akimwambia samaki atakuja kuomba na yeye apakwe. Mena alicheka, mkono ukatetereka, rangi ikateleza kuelekea jicho. Asubuhi yake kaka yake alitoka na chambo kile, hata hakijakauka vizuri.

"Kizuri, eh?" Gil alisema. "Chambo cha Orrin hicho. Alikikereza mwenyewe."

"Alikikereza mwenyewe?"

"Ndivyo asemavyo."

Mena aliweka mikate mezani, mmoja mmoja. Akatoka, akapanda basi lake tupu, akashika usukani bila kuwasha injini. Kama Orrin hakumwona Zeferino asubuhi ile, chambo kilimfikiaje? Na kama alimwona, basi alimwona akiwa mzima, au alimwona amenasa; vyovyote vile, alidanganya. Akafikiria mikate yake. Kila mmoja mayai sita, na kuukanda saa nzima mpaka viganja vinawaka. Alikuwa amemkandia mkate mtu aliyemvunja kaka yake, na mtu yule alikuwa akiupokea na kusema Mungu akubariki.

Nyumbani alimkuta Zeferino kwenye mashine yake ya kukerezea, amefunikwa unga wa mbao ya mwerezi hadi nyusi.

"Kaka. Ulikuwa na nani siku ile?"

"Siku ipi?"

"Unaijua."

Zeferino alizima mashine. Alikitazama kipande cha mti kama mtu anayetafuta ufa. "Mena, mambo ya zamani hayo."

"Chambo chako kiko klabuni. Kile cha rangi ya kucha zangu. Orrin anasema kakikereza yeye."

"Aseme."

"Alikuwepo?"

"Nipe msasa ule, wa pili kutoka mwisho."

"Zeferino!"

"Nimesema nipe msasa." Akawasha mashine, na kelele yake ikawa ndiyo jibu. Mtu asiye na la kuficha angekana. Kaka yake hakukana.

Mena angeweza kwenda klabuni kupiga kelele. Lakini nani angeamini doa la rangi? Wangesema mama wa watu kachanganyikiwa, na Orrin angemshika bega kwa huruma. Hapana. Mena alitaka kumnyang'anya kitu anachokipenda. Na kitu Orrin alichokipenda kuliko mkewe, kuliko nyumba, lilikuwa lile jina la dhahabu. Kila Jumapili alikaa kwenye kiti kinachoutazama ubao. Basi jina litatoka, na litakalokaa mahali pake litakuwa Arruda.

Majuma mawili baadaye alimwambia Zeferino, "Nifundishe kuvua."

Zeferino alimpima mabega kwa macho. Kama alijua sababu, aliificha. "Utachukia."

"Nimeshachukia. Nifundishe."

Alimfundisha akiwa amekaa kwenye kigoda uani, akielekeza kwa gongo. Alimpa ufito wake mwenyewe wa kuvulia, wa futi kumi na moja, akamkerezea chambo kikubwa kupita vyote alivyowahi kutengeneza, chenye uzito wa risasi tumboni na waya uliopita katikati kama uti wa mgongo.

"Wenzako watatupa vidogo," alisema, "na watapata samaki kila siku, wadogowadogo, watacheka. Wewe hutapata kitu. Bibi mkubwa kule chini, aliyeishi miaka ishirini na tano, hainuki kwa ajili ya kidagaa. Anahesabu jasho lake. Anataka mlo mmoja utakaomjaza. Kwa hiyo wewe unatupa mlo, na unangoja."

"Nangoja mpaka lini?"

"Swali hilo ndilo linalowafanya watu wabadilishe chambo."

Chambo kizito namna ile hakitupwi kwa mkono, hutupwa kwa mgongo na miguu. Majuma ya kwanza Mena alilala chali sakafuni kwa maumivu. Akanunua suti ya mpira na viatu vya misumari, akajifunza kuogelea mpaka kwenye mwamba na kusimama juu yake mawimbi yakimpiga magoti. Mikono iliyozungusha usukani wa basi miaka thelathini ilimfaa.

Wanaume walimwona, nao wakafurahi sana.

"Mama Mena, unavua au unapasua kuni?" Gil alipaza sauti kutoka jiwe la pili.

"Huyo samaki akikiona chambo hicho atadhani ni jamaa yake, atakiamkia!" mwingine akadakia.

"Nyie vueni dagaa wenu," Mena alijibu. "Paka wenu wana njaa."

Orrin ndiye aliyemtendea wema kuliko wote, na hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa mzee sasa, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuja kusimama karibu naye, akamwonyesha wapi mkondo unapinda nyuma ya mwamba, wapi pogi hukimbilia wakizingirwa. "Tupa juu ya povu, Mena, si ndani yake. Vuta polepole. Acha kijikokote kama mgonjwa." Mena alisema asante. Kila asante aliyoitoa aliiweka moyoni kama mtu anayenoa kisu taratibu. Krismasi ile hakupeleka mkate. Orrin hakuuliza.

Vuli ya kwanza ikapita bila samaki hata mmoja. Ya pili alipata watatu, mkubwa wao ratili thelathini na nne, na kejeli zikapungua kidogo. Ya tatu ikaja na dhoruba ya kaskazini mashariki, ikavuma siku mbili mfululizo. Jumamosi asubuhi upepo ukalala, mbingu ikabaki ya kijivu, na bahari ikawa bado inapumua kwa hasira. Mena alifika rasini saa mbili, akakuta klabu nzima imejipanga juu ya mawe. Pogi walikuwa wamesukumwa ndani ya ghuba, maelfu, maji yakichemka fedha, ndege wakipiga makelele juu yao.

Wanaume walikuwa wakitoa samaki, ila wadogo, ratili kumi, kumi na mbili. Mena aliogelea mpaka jiwe lenye ufa, lilelile lililomnasa kaka yake. Miaka yote mitatu alikuwa akilichagua hilo. Orrin alikuwa kwenye jiwe la kando, hatua sita, na kati yao maji ya kiuno. Gil alikuwa ufukweni nyuma yao, akimtoa ndoana samaki wake, umbali wa kusikia.

Alitupa, akatupa tena. Katika mara ya arobaini na ngapi sijui, chambo kilikuwa kinajikokota juu ya mgongo wa wimbi wakati maji nyuma yake yalipovimba, bila povu, bila haraka, kama mtu anayeinuka chini ya blanketi. Kichwa kikatokea, kipana kama ndoo. Kikafunguka. Chambo kikatoweka.

"Mungu wangu," Orrin alisema.

Ufito ulipinda hadi kishikio. Mshipi ulitoka kwa kilio, ukaenda mita mia, mia na ishirini. Mena aliegemea nyuma kwa uzito wake wote. Samaki aligeuka, akajionyesha ubavu mara moja kwenye wimbi, mistari yake myeusi ikanyooka kama iliyopigwa rula, na kila aliyemwona alijua. Huyu alikuwa mkubwa kuliko yule wa ubaoni.

"Mena, sitini na tano huyo!" Orrin alipiga kelele, na sauti yake ilikuwa na tamaa ya kijana. "Usimlegezee! Anakwenda kwenye mawe ya kusini, itakubidi umfuate! Shuka, umfuate!"

Hapo Mena alimtazama. Alimwona macho yake, hayamtazami yeye, yanautazama mshipi. Na jambo likamjia ambalo hakulipanga katika miaka yote mitatu. Mkononi alikuwa ameshika lile alilolitafuta, jina, ubao, dhahabu. Alihitaji tu kushuka jiweni na kumfuata samaki. Lakini alitambua kwamba jina likishabadilishwa Orrin atampa mkono, atampongeza mbele za watu, na ukweli utabaki chini ya maji milele, labda ajaribiwe tena palepale: samaki, au mtu.

Akakanyaga ndani ya ufa kwa makusudi, akapiga ukelele.

"Mguu! Orrin, mguu umenasa!"

Orrin akageuka.

"Siwezi kuutoa! Njoo ushike ufito! Shika, umfuate, usimwachie samaki wangu!"

Orrin aliruka majini, akavuka, akapanda. Mena akamtia ufito mikononi. Kwa pumzi mbili, tatu, mzee alisimama pale ameshika samaki mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona, mshipi ukiimba, ufito ukimvuta kuelekea kusini. Wimbi likaja, likampiga Mena kifuani, na Mena akaacha limwangushe magoti.

"Nenda!" alimwambia. "Nitautoa mwenyewe. Nenda tu!"

Uso wa Orrin ukasawijika. Akautupa ufito baharini, wote, na gurudumu lake la mshipi, ukachukuliwa kwa kasi kama mkuki. Akapiga magoti majini, akapapasa ndani ya ufa kwa mikono yote miwili, analia kama mtoto.

"Siendi. Siendi tena. Sikuachi, haki ya Mungu, nilimwacha, sitamwacha mwingine, vumilia, vumilia, nakutoa..."

Gil alikuwa ameshafika, maji kifuani, na wengine wawili nyuma yake. Alisimama.

"Ulimwacha nani?" Gil aliuliza.

Orrin hakumsikia. Alikuwa ameushika mguu wa Mena. Kisha mikono yake ikasimama, maana mguu ulikuwa umelegea, haukushikwa na kitu. Mena akautoa ufani taratibu, akausimamisha juu ya jiwe mbele ya pua yake.

"Mguu wangu hauna kitu, Orrin," alisema. "Mjibu Gil. Ulimwacha nani?"

Orrin aliinua uso. Maji yalikuwa yakimtiririka, na hakuna aliyeweza kujua yapi ya bahari.

"Zeferino," alisema.

"Sema kwa sauti. Mawimbi haya."

"Zeferino! Alikuwa amemshika samaki. Akanasa. Akanipa ufito. Nikamfuata samaki. Nilidhani ni dakika tano." Akashindwa, akaanza tena. "Ilikuwa karibu saa nzima. Nilipomshika samaki nikarudi, na wimbi lilikuwa limeshamvunja."

"Na samaki alikuwa wa nani?"

"Wake."

"Na chambo?"

"Chake. Vyote vyake."

Mena alimtazama mzee aliyepiga magoti miguuni pake, akasikia utamu ambao hakuwahi kuusikia maishani, mtamu mpaka meno yakamuuma. Hakumpa mkono ainuke. Alishuka jiweni, akawapita wanaume bila neno, akatembea hadi kwenye gari akiwa hana ufito, hana chambo, hana samaki.

Alimweleza Zeferino yote, amesimama katikati ya karakana, suti ya mpira ikidondosha maji juu ya unga wa mbao. Alitarajia atalia, au atamkumbatia. Zeferino aliweka kisu chini.

"Alikwambia nilichomwambia?"

"Nini?"

"Nilimwambia nenda. Nilimwambia usimwachie, Orrin, mguu nitautoa mwenyewe, ukimpoteza samaki huyu sitakusamehe. Alitaka kubaki, Mena. Mimi ndiye niliyemtukana mpaka akaenda." Sauti yake ilikuwa kavu. "Ungependa watu wajue hivyo? Kwamba mtu alimpenda samaki kuliko mguu wake? Ndiyo maana nilinyamaza. Na umempigisha magoti mzee wa miaka sabini mbele ya watoto wa jana."

Mena alijifuta maji usoni.

"Ulimwambia amfuate samaki," alisema. "Sawa. Hukumwambia aandikwe yeye. Hukumwambia ale mkate wangu miaka kumi na mmoja akinitazama usoni."

Zeferino aliokota kisu, akarudi kwenye mti wake. Hakuomba radhi. Kwa majuma mengi walikula supu ya sukuma na soseji mezani pamoja, wakisikilizana vijiko tu.

Klabu ilikutana. Orrin mwenyewe ndiye aliyepanda ngazi na kulikwangua jina lake kwa patasi, na Gil akaandika Zeferino Arruda mahali pake, mwaka uleule, ratili zilezile. Wakamletea mwaliko wa sherehe. Zeferino aliutumia kuwashia jiko. Jina lilikaa juu ukutani bila mwenyewe kuja kulitazama, na Orrin akaacha kwenda klabuni.

Katikati ya Februari, theluji ikiwa hadi madirishani, mlango uligongwa. Mena alifungua, akamkuta Orrin Brayton, kofia mkononi, amekonda.

"Nimekuja kumwona Zeferino, kama utaniruhusu."

Mena alifungua kinywa kumfukuza. Kutoka karakana sauti ya kaka yake ilitangulia, "Mwache apite, baridi inaingia."

Alimwacha apite. Alisimama jikoni akisikiliza. Kigoda kilikwaruza sakafu. Kisha sauti ya Zeferino ikauliza, "Hivi, yule wa Mena, kweli alifika sitini na tano?" na Orrin akajibu, "Alizidi. Kichwa chake, Zefe, kichwa chake tu..." Halafu wakaanza kuzungumza wote wawili kwa pamoja, kwa haraka, kama watu waliozuiwa kusema miaka kumi na minne, na kaka yake akacheka kicheko ambacho Mena hakuwa amekisikia tangu siku ya ajali.

Birika lilichemka. Mena alimimina kahawa, kikombe kimoja cha Zeferino na kimoja chake mwenyewe. Tangu wakati huo Orrin huja kila Alhamisi, hukaa kwenye kigoda karibu na mashine mpaka giza liingie, na Zeferino humngoja dirishani, ingawa hasemi. Mena humfungulia mlango. Kahawa hajampa mpaka leo.